Kompyuta mpakato imegoma kuwaka baada ya kubadilishiwa RAM na diski

Swali

Wataalamu, salaam. Nina kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, ambayo imenitumikia vizuri kwa muda mrefu, lakini siku za karibuni ilikuwa imelemewa kwa sababu ina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 tu na diski ya zamani ya kuzunguka yenye GB 500. Niliamua kuiongezea uwezo kwa mkupuo mmoja, nikanunua kipande cha RAM cha GB 8 pamoja na SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya inchi 2.5 inayotumia kiunganishi cha SATA. Kabla ya kufungua chochote, nilinakili diski yote ya zamani kwenda kwenye SSD kupitia waya wa USB, na programu ya kunakili ilimaliza kazi bila kutoa onyo. Kisha nilizima mashine, nikafungua kifuniko cha chini, nikatoa RAM ya zamani na kuweka mpya mahali pake, nikaondoa diski na kufunga SSD, nikarudisha skrubu zote.

Tangu hapo haijaonyesha picha. Ninapobonyeza kitufe cha kuwashia, taa yake inawaka, feni inazunguka kwa sekunde chache, halafu kila kitu kinazimika na kuanza upya chenyewe, na mzunguko huo unajirudia mpaka nishikilie kitufe ili izime kabisa. Skrini inabaki nyeusi. Hakuna nembo ya mtengenezaji, hakuna herufi hata moja, na hakuna mlio wowote. Taa ya chaja inawaka kama kawaida. Nimeunganisha skrini ya nje kwa HDMI, nayo haipati picha. Nilisoma mahali kwamba dawa ni kutoa betri ndogo ya saa iliyo kwenye bodi kuu ili mipangilio ya BIOS (programu iliyo kwenye bodi inayoianzisha kompyuta) irudi kama ilivyotoka kiwandani; nikafanya hivyo, nikairudisha, na hali ikabaki ile ile.

Naomba kujua mambo mawili. Je, dalili hizi zinaonyesha kwamba bodi kuu imeungua, au bado kuna matumaini? Na nianzie wapi kuchunguza, ikizingatiwa kwamba nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja na sijui ni kipi kinacholeta shida? Diski ya zamani ina kazi zangu za miaka mingi, kwa hiyo nisingependa kufanya jambo litakaloziweka hatarini.

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Kuhusu kazi zako, kunakili diski hakuondoi kitu kwenye diski ya asili, na kwa kuwa sasa diski hiyo iko nje ya mashine, ndipo mahali salama kuliko pote. Iweke kando, usiifute, wala usianze kuitumia kwa shughuli nyingine mpaka SSD iwe imefanya kazi bila tatizo kwa muda wa kukuridhisha.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Kompyuta inapowashwa hupita katika hatua zinazofuatana, na kila hatua ikikwama huacha dalili yake. Umeme huingia, prosesa huamka, BIOS huanza kazi, huitambua RAM na kuiweka tayari, ndipo picha ya kwanza inapotokea kwenye skrini. Diski hutafutwa baadaye, BIOS inapohitaji kupakia mfumo wa uendeshaji. Ndiyo maana kompyuta isiyo na diski yoyote ndani bado huonyesha nembo, kisha hulalamika kwamba haikupata kifaa cha kuwashia mfumo. Yako haifiki hata kwenye nembo, na skrini ya nje imethibitisha kwamba si suala la kioo. Kwa hiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza ni RAM, na ule mtindo wa kuzima na kujiwasha tena ni tabia ya kawaida ya mashine inayojaribu kuitayarisha RAM, inashindwa, inajaribu tena. Bodi iliyoungua aghalabu haijibu kabisa, au huzima papo hapo.

Kuna hali moja ambapo diski inaweza kuzuia picha, nayo ni pale SSD yenyewe, au waya wake bapa, inapokuwa na shoti na kuangusha umeme wa volti 5 unaolisha diski. Ni nadra, lakini kuithibitisha ni rahisi: unaitoa.

Ningekushauri ufanye hivi. Chomoa chaja, fungua kifuniko, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote tenganisha betri kuu na bodi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi huliruka: mashine iliyozimwa bado ina njia za umeme zilizo hai maadamu betri imeunganishwa, na kuchomeka au kuchomoa RAM katika hali hiyo kunaweza kuiharibu RAM na bodi pia. Betri ikishatengwa, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Gusa kitu cha chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha shika vipande vya RAM kwa pembeni tu, bila kugusa sehemu ya dhahabu.

Toa RAM mpya, rudisha ya zamani, na uiache mashine bila SSD wala diski nyingine. RAM ya kompyuta mpakato huingizwa kwa kuinamishwa, pembe ya takriban digrii 30, na husukumwa mpaka sehemu ya dhahabu ikaribie kupotea yote ndani ya nafasi yake; hapo ndipo unaikandamiza chini hadi vibanio viwili vya pembeni vijifunge kwa mlio mdogo. Kama kibanio kimoja hakijafunga, RAM haijakaa, hata ikionekana imelala sawa. Unganisha betri, washa, utuambie unachokiona. Nembo ikitokea, bodi yako ni nzima na tutakuwa tumebaki na maswali madogo.

Jibu la pili

Naafiki utaratibu huo, hasa ule wa kurudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa ikifanya kazi na kuongeza kitu kimoja kimoja. Hata hivyo, kabla ya kudhani kwamba RAM mpya haikukaa vizuri, ningemwomba muulizaji asome lebo zake, kwa sababu nimeona mashine nyingi za kizazi hiki zikigoma kwa sababu ambayo hata ukiikandamiza RAM mara ngapi haitaondoka.

Prosesa za Intel Core za kizazi cha nne zilitoka mwaka 2013, na kompyuta mpakato zinazozitumia ziliundwa kwa ajili ya RAM ya DDR3L, ambayo hufanya kazi kwa volti 1.35. DDR3 ya kawaida huhitaji volti 1.5. Ugumu ni kwamba aina hizi mbili zina umbo moja: zote zina pini 204, pengo lake liko mahali pamoja, na zote huingia bila kulazimishwa. Mtu akijaribu kuingiza DDR4 kwenye nafasi ya DDR3, pengo litamkatalia, maana DDR4 ina pini 260 na pengo lake limehamishwa. Kati ya DDR3 na DDR3L hakuna kizuizi kama hicho, na kinachokuonya ni herufi moja tu kwenye lebo. RAM ya volti 1.35 huandikwa PC3L, kwa mfano PC3L-12800S, na ile ya volti 1.5 huandikwa PC3-12800S. Namba 12800 inahusu kasi, na S ya mwisho inaonyesha kwamba ni RAM fupi ya kompyuta mpakato. Zote mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye kila kitu isipokuwa hiyo L.

Ukiiweka DDR3L kwenye mashine ya zamani ya volti 1.5, kwa kawaida itafanya kazi, kwa sababu imeundwa kustahimili volti zote mbili. Kinyume chake hakikubali. DDR3 ya kawaida kwenye mashine inayotoa volti 1.35 ama itakataa kabisa, ama itawaka kisha kuganda ovyo ovyo, na hali hii ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inaweza kuharibu mafaili kimyakimya kabla hujajua chanzo.

Kuna kikomo kingine kwa kizazi hiki: kila nafasi hupokea kipande kisichozidi GB 8. Kwa upande huo uko ndani ya mipaka, lakini anayefikiria kununua vipande vya GB 16 vya DDR3L ajue kwamba mashine ya kizazi cha nne haitavitambua.

Niongeze jambo kwa mwingine atakayesoma hapa akiwa na mashine mpya zaidi. Mashine ya DDR5 iliyobadilishiwa RAM inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa inapowashwa mara ya kwanza, kwa sababu inajifunza jinsi ya kuwasiliana na RAM hiyo kwa kasi yake. Kuizima katikati hulazimisha kazi ianze upya. Hilo halimhusu muulizaji wetu, kwani mashine yake inajizima yenyewe, tena RAM za DDR3 humaliza hatua hiyo upesi mno.

Ukipata nafasi, andika hapa maneno yote yaliyo kwenye lebo ya RAM ya zamani na ya mpya.

Muulizaji

Nawashukuru sana nyote wawili. Nilitenganisha betri kama nilivyoelekezwa, nikarudisha RAM ya zamani na kuiacha mashine bila diski. Nilipoiwasha, nembo ilitokea, na baada yake ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia mfumo. Kwa hiyo bodi ni nzima, na moyo wangu umetulia.

Nimesoma lebo. RAM ya zamani imeandikwa 4GB PC3L-12800S. Mpya imeandikwa 8GB PC3-12800S, bila L. Nimeijaribu tena peke yake, kwanza kwenye nafasi ya kwanza kisha ya pili, na mzunguko wa kuzima na kuwaka umerudi kote. Nimeshaomba nibadilishiwe nipewe ya PC3L.

Lakini limezuka jambo lingine linalonitatiza kuliko la kwanza. Nikiwa na RAM ya zamani, nilifunga SSD, na mashine ikasema tena kwamba hakuna kifaa cha kuwashia mfumo. Nikadhani nakala ilikuwa na kasoro, nikaitoa SSD na kurudisha diski ya zamani, ile ile iliyokuwa ikiwaka kila siku. Nayo imeleta ujumbe huo huo. Je, inawezekana diski zote mbili zimeharibika kwa wakati mmoja? Tafadhali nisaidieni kabla sijagusa kitu kingine.

Jibu la tatu

Ndugu muulizaji, umefanya vyema kusimama hapo na kuuliza. Diski mbili kufa kwa pamoja, moja mpya na nyingine iliyokuwa nzima, ni jambo ambalo ningeliweka mwisho kabisa wa orodha. Ukiona vitu viwili tofauti vinatoa kosa moja, chunguza kile vinachokishirikiana, na hapa vinashirikiana BIOS. Nimerudi kwenye maelezo yako ya mwanzo, nikaona kwamba ulitoa betri ya saa. Nadhani jibu liko hapo.

Betri hiyo, ambayo kwenye mashine nyingi ni CR2032 ya volti 3, huilinda saa na mipangilio ya BIOS mashine inapokosa umeme. Ulipoitoa, mipangilio yote ilirudi kwenye ile ya kiwandani. Mashine za kizazi chako hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye UEFI, yaani mtindo mpya wa kuanzisha mfumo, lakini nyingi zilibadilishwa baadaye kwenda mfumo wa zamani unaoitwa Legacy, hasa pale Windows iliposakinishwa upya kutoka kwenye DVD au flashi iliyotengenezwa kwa mtindo huo. Windows iliyosakinishwa kwa Legacy hukaa kwenye diski iliyogawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, na msimbo wa kuianzisha umo kwenye sekta ya kwanza ya diski. UEFI haisomi msimbo huo. Hutafuta sehemu ndogo maalumu ya FAT32 yenye mafaili ya kuanzishia, na isipoikuta husema hakuna kifaa cha kuwashia, hata kama diski ni nzima na kila faili liko mahali pake. SSD yako ni nakala kamili ya diski hiyo, kwa hiyo imerithi mgawanyo wake, na inakataliwa kwa sababu ile ile.

Ingia kwenye BIOS. Kitufe hutofautiana kwa watengenezaji, lakini mara nyingi ni F2, F10, Esc au Delete, na hubonyezwa mara tu mashine inapowashwa. Tazama kwanza kama jina na ukubwa wa SSD vimeorodheshwa. Vikionekana, waya wake uko sawa. Visipoonekana, rudi kwenye kiunganishi chake kabla ya kuendelea na lolote. Kisha nenda sehemu inayohusu uwashaji, zima Secure Boot (kinga inayoruhusu mifumo iliyoidhinishwa tu kuanza), badilisha UEFI iwe Legacy, hifadhi na utoke. Palipo na jina CSM, yaani sehemu inayoruhusu Legacy, ndilo la kuwasha.

Kama Windows itaanza kupakia kisha isimame kwenye skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, rudi BIOS uangalie mpangilio wa SATA, yaani namna bodi inavyowasiliana na diski. Ukikuta umewekwa AHCI, jaribu RAID, au kinyume chake, kwa sababu nao ulirudi kwenye hali ya kiwandani na huenda Windows yako ilisakinishwa chini ya mpangilio tofauti. Hapo hapo usikubali msaada wa programu yoyote inayojitolea kutengeneza au kusakinisha upya mfumo, kwa maana hakuna kilichovunjika cha kutengenezwa.

Kuna tahadhari mbili ambazo nisingependa uzikose. Kama diski yako ilifungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data ya diski, mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya Windows iombe ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Ukiuona ukurasa huo, usibahatishe. Ufunguo huo aghalabu huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo, nawe unaweza kuusoma kupitia simu. Ya pili ni kwamba usiwashe mashine ikiwa na SSD ndani na diski ya zamani kwenye USB kwa pamoja. Nakala kamili hubeba hata namba ya utambulisho ya diski ya asili, na Windows ikikuta diski mbili zenye namba moja huiweka moja nje ya matumizi. Data haipotei, lakini ni mkanganyiko usiouhitaji kwa sasa.

Jibu la kwanza

Ni mimi tena niliyejibu wa kwanza; nakubaliana na mchango huo kwa asilimia zote. Ningependa tu kuongeza neno kuhusu ushauri wa kutoa betri ya saa, kwa sababu hupewa watu kila mara kana kwamba hauna gharama. Unasaidia pale ambapo BIOS imeshika mpangilio mbaya, kwa mfano baada ya mtu kubadilisha kasi ya RAM kwa mkono. Mashine iliyogoma dakika ileile ilipowekewa kifaa kipya, kabla mipangilio haijaguswa, inadai kwanza kifaa hicho kitolewe. Na mtu anayelazimika kuitoa betri hiyo huku mashine bado inaonyesha picha, apige kwanza picha za kurasa zote za BIOS kwa simu, ili ajue alikokuwa.

Muulizaji

Natoa taarifa. SSD ilikuwa imeorodheshwa kwenye BIOS kwa jina na ukubwa wake. Nilizima Secure Boot, nikabadilisha UEFI kuwa Legacy, nikahifadhi, na Windows ikafunguka ikiwa na kila kitu changu. Ufunguo wa BitLocker haukuombwa. Tofauti ya kasi kati ya SSD na diski ya kuzunguka ni kubwa kiasi kwamba natamani kila mwenye mashine ya umri huu aijue.

RAM ya PC3L-12800S ya GB 8 nayo imefika, nimeiweka peke yake na mashine imewaka bila kusita. Nimebaki na maswali matatu. Je, naweza kuitumia pamoja na ile ya zamani ya GB 4 ili nipate GB 12, au ukubwa usiolingana utaleta madhara? Je, kuna ulazima wa kuhama kutoka Legacy kwenda UEFI? Na kwa nini tovuti nyingi sasa zinanionyesha onyo la usalama, ilhali kabla hazikufanya hivyo?

Jibu la pili

Ni mimi tena niliyejibu wa pili; nianze na swali la mwisho, maana ni jepesi. Betri ya saa ilipotoka, tarehe ya mashine ilirudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kama bado havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe na saa, onyo litaondoka. Saa ikirudi nyuma tena kila unapochomoa chaja na betri kuu, betri ndogo imechoka na inahitaji kubadilishwa.

RAM za GB 4 na GB 8 zinaweza kukaa pamoja. Zote ni PC3L na kasi yao ni moja, kwa hiyo sioni kikwazo. Prosesa yako itatumia GB 4 za kila kipande kwa njia mbili sambamba, na GB 4 zinazobaki kwenye kipande kikubwa zitatumiwa kwa njia moja. Tofauti hiyo utaigundua kwa vipimo zaidi kuliko kwa macho, na GB 12 zina manufaa kuliko GB 8 kwa mtu anayefungua mambo mengi kwa wakati mmoja. Ninachokuomba ni usiishie kwenye kuona kwamba mashine imewaka. Tengeneza flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, iwashe mashine kutoka humo vipande vyote viwili vikiwa ndani, na uiache ikamilishe angalau mzunguko mzima wa vipimo, hata ikiwa ni usiku kucha. Likitokea kosa hata moja, toa kipande kimoja na upime tena ili ujue ni kipi. RAM yenye kasoro ndogo huandika makosa ndani ya mafaili yako, na mafaili hayo yakishahifadhiwa hakuna cha kukuonya.

Kuhamia UEFI hakuna ulazima kwa diski ya ukubwa wako. MBR huanza kukubana diski inapozidi TB 2, au unapotaka mfumo unaodai UEFI. Ukiamua kuhama, Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017 huja na programu ya MBR2GPT, ambayo hubadilisha mgawanyo wa diski kutoka MBR kwenda GPT, ule unaotumiwa na UEFI, bila kufuta mafaili. Baada yake utapaswa kurudisha BIOS kwenye UEFI, la sivyo utarudi kwenye ujumbe ule ule uliokusumbua. Ifanye kazi hiyo kabla hujaipangia diski ya zamani matumizi mengine, ili ikiharibika katikati uwe na pa kurudi.